Dawa inatoka mapema, inachelewa au inakwama: kutafuta kosa la viongezi kwenye chembe za PLGA

Mwongozo huu ni wa wanaotengeneza chembe ndogo za PLGA (polima inayovunjika polepole mwilini, iliyoundwa kwa laktidi na glikolidi) katika maabara za Arusha na Moshi, kwa dawa zinazotakiwa kutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa baada ya sindano moja. Tunachukulia njia ya emalsheni mbili, yaani maji ndani ya mafuta ndani ya maji, kwa vipimo vya kuanzia hivi: PLGA ya 50:50 (laktidi na glikolidi nusu kwa nusu) mg 400 iliyoyeyushwa kwenye mL 2 za diklorometheni (DCM), dawa kwenye mL 0.2 za maji; kuchanganya kwa kasi kubwa sekunde 60 chombo kikiwa kwenye barafu; kumimina kwenye mL 8 za PVA (polima inayoyeyuka majini na kuzuia matone kuungana) asilimia 1; kuhamishia kwenye mL 100 za PVA asilimia 0.3 na kukoroga saa 3 ili DCM itoke. Kuosha mara 3 na kukausha kwa kugandisha.

Kiongezi, yaani kitu kinachoongezwa kwenye chembe kando ya dawa na polima, hakifanyi kazi kwa jina lake. Chumvi, sukari, PEG (polima nyingine inayoyeyuka majini), magnesiamu hidroksaidi, vyote vinapimwa kwa maswali mawili: vinabadili vipi maji yanavyoingia kwenye chembe, na vinabadili vipi tindikali inavyokusanyika ndani yake? PLGA huvunjwa na maji, na kila mnyororo unapokatika huacha ncha ya tindikali inayoharakisha kukatika kwa mingine. Ndiyo maana kiongezi kilekile huponya tatizo la wiki ya kwanza na kuleta jingine la wiki ya nne. Na mahali kilipowekwa, kwenye maji ya ndani, kwenye polima au kwenye maji ya nje, pana uzito sawa na kiasi chake.

Kwanza, je, mchoro wenyewe ni wa kweli?

Mchoro ni grafu ya dawa iliyotoka siku hadi siku. Malalamiko mengi kuhusu kiongezi huishia kwenye chupa ya majaribio. Mazingira ya kawaida ya kupimia ni bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya fosfeti mM 10, yaani milimoli 10 kwa lita, pH 7.4, yenye chumvi ya kawaida, Tween 20 (aina ya sabuni) asilimia 0.02 na sodiamu azaidi asilimia 0.02, kwa 37 °C huku ikitikiswa taratibu. Bila azaidi, bafa huota ukungu kabla ya mwezi kuisha, na vijidudu hula peptaidi (minyororo mifupi ya aina ya protini). Bila Tween, chembe huelea na protini hunata kwenye kuta za kioo.

Chukua chembe tupu, zisizo na dawa, zitie kwenye bafa pamoja na kiasi kinachojulikana cha dawa huru, uziweke 37 °C kwa muda wote wa jaribio. Kama baada ya siku 14 dawa hiyo huru imepungua, mchoro wako unaolala haukwambii kwamba dawa imekwama. Unakwambia dawa inaharibika au inanata baada ya kutoka. Kipimo hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachorukwa zaidi.

Angalia pia hesabu. Ukitoa mL 1 kati ya 10 na kurudisha bafa mpya, umeondoa sehemu ya kumi ya dawa iliyokwisha kutoka, na lazima uijumlishe kwenye kila kipimo kinachofuata. Pima uzito wa chupa kila unapochukua sampuli ili ujue maji yaliyopotea kwa mvuke. Kiwango cha dawa kwenye bafa kisizidi sehemu ya kumi ya kile ambacho bafa hiyo inaweza kuyeyusha kwa 37 °C. Kikizidi, bafa ndiyo inayozuia dawa.

Maji ya bomba hayafai hata kwa kuoshea chembe. Maji mengi ya mitelemko ya Meru yana fluoridi na bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, na chujio la mkaa wa mifupa la nyumbani hupunguza fluoridi lakini haliyafanyi kuwa maji yaliyokenekwa. Bikaboneti hupandisha pH na huongeza chumvi ambayo hukuihesabu, jambo ambalo sehemu inayofuata itaonyesha uzito wake.

Dawa inatoka kwa kishindo siku ya kwanza

Ukikuta zaidi ya asilimia 30 imetoka ndani ya saa 24, usikimbilie kubadili polima. Gawanya siku hiyo: chukua sampuli saa 1, saa 4, saa 8 na saa 24. Kisha fanya kipimo cha suuza: mg 20 za chembe kwenye mL 1 ya bafa baridi yenye Tween, dakika 5, zungusha kwenye sentrifuji, pima dawa iliyo juu. Hiyo ndiyo dawa iliyokaa juu ya ngozi ya chembe. Kama suuza inachukua karibu kishindo chote, kosa liko kwenye kuosha, au dawa ilisafiri na maji kuelekea nje wakati wa kukausha. Osha kwa maji baridi na gandisha haraka baada ya kuosha. Chembe zikikaa kwenye maji usiku kucha zikisubiri mashine, dawa inayeyuka na kuhamia juu. Kama suuza inatoa kidogo lakini saa 24 zinatoa nyingi, kuna vitundu vinavyoungana kutoka ndani hadi nje, na hapo ndipo viongezi vinapohusika.

Chanzo cha kwanza ni tofauti ya osmosisi, yaani maji kuvutwa kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Ukiweka chumvi, bafa au sukari kwenye maji ya ndani, na maji ya nje yakawa PVA tupu, maji ya nje yatavutwa kuingia wakati polima bado ni laini. Matone ya ndani yanavimba, yanaungana, yanapasua njia hadi nje. Njia hizo zinabaki polima ikikauka. Dalili zake ni mbili kwa pamoja: kishindo kikubwa na dawa kidogo iliyonaswa ndani, kwa sababu nyingine ilishatoroka kwenye bika.

Tiba yake ni kusawazisha nje. Hesabu haina ugumu. Trehalosi (aina ya sukari) asilimia 10 kwenye maji ya ndani, ikiwa ni ile isiyo na maji, ni takriban mM 292. Sodiamu kloraidi hugawanyika mara mbili, kwa hiyo asilimia 0.9 yake hutoa takriban 308 kwa kipimo hichohicho. Basi trehalosi asilimia 10 ndani inalingana na chumvi asilimia 0.9 nje. Soma lebo ya chupa: trehalosi inayouzwa mara nyingi hubeba maji mawili kwa kila molekuli, na gramu 10 zake kwa mL 100 ni takriban mM 265 tu, hivyo chumvi ya asilimia 0.8 inatosha. Usisahau chumvi ya dawa yenyewe na ya bafa iliyokuja na protini.

Chumvi hiyo iwekwe kwenye PVA ya kwanza na pia kwenye mL 100 za kukaushia. Wengi huweka kwenye ya kwanza peke yake. Chembe hukaa kwenye PVA ya kwanza dakika moja. Kwenye bika kubwa hukaa saa 3, tena zikiwa bado na DCM ndani. Kuweka chumvi pale penye dakika moja na kuiacha pale penye saa tatu hakusaidii. Usibadilishe sodiamu kloraidi kwa sodiamu salfeti, kwa kuwa salfeti huifukuza PVA kwenye maji, nayo hutoka kama utando mweupe na chembe zinashikana.

Chanzo cha pili kinahusu mwinuko wa mahali tulipo. DCM huchemka 39.6 °C usawa wa bahari. Arusha, karibu mita 1,400, hewa ina shinikizo la takriban kPa 86 na DCM huchemka karibu 35 °C. Moshi ni karibu 37 °C. Mtu anayefuata maelekezo yaliyoandikwa pwani au Ulaya, akaweka bamba la moto kwenye 38 au 40 ili DCM iishe upesi, anaichemsha ndani ya chembe. Mapovu yanaacha chembe na matundu kama kitumbua, na kila kiongezi utakachojaribu juu yake kitaonekana kibaya. Kaa 20 hadi 25 °C kwa saa 2 za kwanza, ndipo upande taratibu hadi 30 kwa saa ya mwisho.

Ombwe linahitaji uangalifu zaidi. Geji nyingi husoma tofauti na hewa ya nje, hazisomi shinikizo halisi. Ukivuta hadi −50 kPa Dar es Salaam, ndani kunabaki takriban kPa 51, na DCM huchemka karibu 22 °C. −50 hiyohiyo Arusha huacha kPa 36, na DCM huchemka karibu 13 au 14 °C. Bika la 20 °C lililotulia Dar litatoka mapovu Arusha bila mtu kubadili kitu chochote kwenye maelekezo. Andika shinikizo halisi kwenye daftari la bechi.

Chanzo cha tatu ni kiongezi kinachoyeyuka na kuondoka. PEG fupi, kama PEG 400, ikichanganywa na polima hutoka mapema na kuacha nafasi wazi. Sukari nyingi ndani hufanya vivyo hivyo. Kama umeweka PEG ili kufupisha kungoja (kipindi ambacho dawa haitoki), anza na asilimia 2 hadi 5 ya uzito wa polima na usipande kabla ya kuona kishindo kimesimama wapi. Kwa upande mwingine, kiasi kidogo cha Span 80 (aina ya sabuni inayoyeyuka kwenye mafuta) kwenye DCM huimarisha emalsheni ya kwanza, matone ya ndani hubaki madogo na kishindo hupungua.

Kiasi cha dawa nacho kina mpaka. Dawa inayopenda maji ikizidi, punje zake zinagusana kutoka katikati hadi nje, na hakuna kiongezi cha kuzitenganisha. Jaribu bechi yenye nusu ya dawa kabla ya kuongeza kitu cha tano kwenye mchanganyiko.

Wiki zinapita na hakuna kinachotoka

Hili si kosa kila wakati. Risperdal Consta, sindano ya dawa ya magonjwa ya akili yenye chembe za PLGA ya 75:25 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, hutoa dawa kidogo sana kwa takriban wiki 3 baada ya sindano ya kwanza, na mgonjwa huendelea na vidonge katika kipindi hicho. Swali ni kama kungoja huko ulikupanga.

Pima maji yanayoingia. Chukua chembe siku ya 1, ya 7 na ya 14, zikamue kwa sentrifuji, zipime zikiwa mbichi, zikaushe, zipime tena. Tofauti ugawanye kwa uzito mkavu. Kama maji hayaingii, polima ni ngumu mno kwa kazi hiyo: mnyororo mrefu, ncha zilizofungwa kwa esta, au laktidi nyingi. Changanya na PLGA ya 50:50 yenye ncha za tindikali, sehemu 1 kwa 3, kabla ya kugusa viongezi, kwa sababu polima hiyo hupunguza kungoja bila kuacha vitundu vya mapema kama PEG.

Kama maji yanaingia lakini dawa haitoki, tazama besi (kitu kinachopunguza tindikali) uliyoiweka. Magnesiamu hidroksaidi au kaboneti inayozidi humeza tindikali yote, mnyororo unakatika polepole, na kipindi cha kungoja kinarefuka. Dawa zenye amini (vikundi vya nitrojeni vyenye tabia ya besi) ni suala tofauti: zinaweza kuharakisha kuvunjika kwa polima zenyewe, hivyo usiamini mchoro uliopatikana kwa dawa nyingine.

Kuna pia vitundu vinavyojifunga. PLGA iliyolowa hulainika kwenye joto la chini kuliko ikiwa kavu, na kwa 37 °C ngozi yake inaweza kujiziba ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Hapo utaona kishindo kikubwa kisha kimya. Kiongezi kinacholainisha polima, kama trietili sitreti, au DCM iliyobaki, huharakisha kujiziba huko. Kishindo kikifuatiwa na ukimya mrefu ni habari moja. Usivitibu kama matatizo mawili.

Dawa inatoka nusu, kisha inakwama

Hapa ndipo protini na peptaidi zinapopotea, na ndipo kiongezi sahihi kinapookoa kazi nzima. Pale chembe inapovunjika, pH ndani yake inaweza kushuka hadi 3 au chini, wakati bafa ya nje bado inasoma 7.4. Protini iliyonaswa humo hujikunja vibaya na kugandana.

Fungua hesabu kwanza. Siku mchoro unapolala, toa chembe, zioshe vizuri kwa maji, zikaushe, ziyeyushe, uvute dawa iliyobaki. Iliyotoka pamoja na iliyobaki zikaribie asilimia 100. Tahadhari kubwa: usitie DCM kwenye chembe ambazo bado zina bafa ya azaidi. DCM na azaidi vinaweza kuunda kitu kinacholipuka. Azaidi isichanganywe na tindikali, ambayo hutoa gesi yenye sumu, wala isimwagwe kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi. Osha mara tatu kwa maji safi, au yeyusha kwa asetonitrili.

Mabaki ya protini yasiyoyeyuka kwenye bafa yajaribu kwenye urea M 6. Yakiyeyuka, molekuli zimegandana tu. Yakikataa mpaka uongeze kitu cha kukata viungo vya salfa, zimefungana kweli, na unyevu unaoingia mapema una mkono wake humo. Kwa peptaidi, angalia uzito wa molekuli: nyongeza ya 58 ni kipande cha glikoliki kilichojipachika, na 72 ni cha laktiki. Hapo polima imeungana na dawa yako, na kuongeza sukari hakutasaidia.

Kwa tindikali, magnesiamu hidroksaidi asilimia 3 ya uzito wa polima ni mahali pazuri pa kuanzia. Kiasi hicho ndicho kundi la mtafiti Steven Schwendeman lilichotumia katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000 na kuonyesha kuwa protini ya albumini hubaki salama ndani ya PLGA. Kwa mg 400 za polima ni mg 12. Kinachoharibu kazi hapa ni ukubwa wa punje. Punje kubwa husawazisha tindikali pale zilipo tu, na mifuko iliyo mbali hubaki na pH ya 3. Isage iwe chini ya maikromita 5, itie kwenye mmumunyo wa polima, itikise kwa mawimbi ya sauti sekunde 30 kwenye barafu, na tumia mara moja, kwani ni nzito kuliko DCM na huzama. Ukiona vumbi jeupe chini ya chupa baada ya kumimina, ile asilimia 3 haikuingia kwenye chembe.

Magnesiamu hidroksaidi iliyo ndani ya maji hupandisha pH hadi karibu 10, na protini nyingine haziivumilii. Hapo tumia zinki kaboneti au magnesiamu kaboneti. Zinki ina kazi ya ziada: hufungana na baadhi ya protini na kupunguza kuyeyuka kwake, hivyo hupunguza kishindo pia. Nutropin Depot, homoni ya ukuaji iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, ilitumia zinki kwa njia hiyo; ilisitishwa mwaka 2004. Kwa peptaidi zinazopachikwa vipande vya polima, ayoni zenye chaji mbili kama kalsiamu hupunguza peptaidi kushikamana na ncha za tindikali, na hivyo kupunguza uharibifu huo.

Ukitumia zinki au kalsiamu, bafa ya fosfeti itakudanganya. Fosfeti hugandana nazo na kutengeneza ukungu mweupe unaokamata protini. Linganisha na bafa isiyo na fosfeti, ya HEPES mM 10, pH 7.4, yenye chumvi. Mchoro ukibadilika kati ya bafa hizo mbili, kosa si la chembe.

Fanya kila jaribio la kiongezi kwa bechi nne: tupu bila kiongezi, tupu yenye kiongezi, yenye dawa bila kiongezi, na yenye vyote viwili. Bila bechi ya pili, huwezi kujua kama pH ya bafa imebadilishwa na dawa au na besi.

Chembe zinashikana au haziingii kwenye sindano

Unga ukiwa na mabonge hata kabla ya kulowa, joto limepita pale polima inapoanza kulainika. PLGA ya 50:50 ikiwa kavu hulainika karibu 45 °C, lakini maji na DCM iliyobaki hushusha kiwango hicho. Mpaka unaokubalika wa DCM katika dawa ni ppm 600 (sehemu 600 kwa milioni); ukizidi hapo una kiongezi ambacho hukukiandika. Umeme ukikatika mashine ya kukausha ikiwa katikati ya kazi, barafu inayeyuka na chembe zinakaa kwenye maji yao. Bechi hiyo isichanganywe na nyingine, hata kama inaonekana nzuri, kwa sababu dawa imeshahamia juu.

Unga ukiwa mzuri lakini ukashikana kwenye maji ya kuchomea, tatizo ni kimiminika. Lupron Depot, dawa nyingine ya sindano yenye chembe za namna hii, hutumia kaboksimethili selulosi ya sodiamu asilimia 0.5, manitoli asilimia 5 na polisobeti 80 asilimia 0.1, na mchanganyiko huo unafaa kuanzia. Kuosha sana nako kuna madhara, kwani PVA kidogo inayobaki kwenye ngozi ndiyo inayozuia chembe kugusana. Kuosha mara 3 kunatosha.

Kati ya Arusha na Moshi ni takriban kilomita 80, na gari lililoegeshwa juani Boma Ng'ombe hupita 50 °C ndani kwa urahisi. Safirisha chembe kwenye deli lenye barafu, chupa ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko wenye silika ya kunyonya unyevu. Ukifika, usifungue chupa ikiwa baridi. Iache saa 1 mezani ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya unga na kuanza kuivunja polima kabla ya jaribio.